Nitumie Jaribio Gani? Mwongozo Kamili wa Takwimu kwa Mwenye Data za Shambani na Maabara

Kila mwaka mvua zikishakatika na baridi ya Juni ikianza kuuma hapa Mbeya, meseji huanza kumiminika kwenye simu yangu. Zote zinafanana: "Shikamoo mwalimu. Data zangu ziko tayari, nitumie jaribio gani?" Chini yake kuna faili la Excel lenye rangi tano, seli zilizounganishwa na safu iitwayo "maoni". Nimejibu moja moja mpaka nimechoka. Hili ndilo jibu la wote.

Wengi hudhani wanakwama kwenye hesabu. Sivyo, hesabu anafanya kompyuta. Wanakwama kwa sababu jaribio la takwimu huamuliwa siku ya kupanda, wao wanakuja kuliuliza siku ya kuvuna. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kugusa kompyuta. Usiiruke.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la shambani au la maabara lenye namba ghafi. Wastani uliokwisha kukokotolewa hautoshi.
- Mchoro wa shamba: ploti zilikaa wapi, mteremko unaelekea wapi, maji yanapita wapi.
- Vipimo vinavyoeleweka. Gunia la lumbesa si kipimo, na debe lililojazwa mlima sokoni Mwanjelwa si debe la kwenye kingo huko kijijini. Pima kwa mizani, andika kilo. Mahindi na maharage yapimwe unyevu pia, maana punje mbichi zina maji ndani yake na maji yana uzito.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Ukiwa na makundi matatu au zaidi, pakua programu za takwimu, R au jamovi. Zote mbili ni za bure.
- Karatasi na penseli. Utavihitaji kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Sentensi hiyo iwe na vitu viwili: ulichobadilisha (au ulichokuta kimetofautiana) na ulichopima. "Je, kupulizia dawa ya ukungu kunaongeza kilo za viazi kwa kila ploti?" Hilo ni swali. "Kuchunguza hali ya viazi Wilaya ya Mbeya" ni kichwa cha habari, na hakuna jaribio duniani linaloweza kukijibu.

Ukishaandika swali, andika na upande wake wa pili: "Dawa haileti tofauti yoyote." Hiyo ndiyo nadharia tete ya sifuri, na ndiyo inayojaribiwa. Thamani ya p utakayoipata baadaye ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama uliyoiona, au kubwa zaidi, endapo dawa kweli haifanyi kitu. Haisemi dawa ina nguvu kiasi gani. Haisemi pia kwamba kuna asilimia fulani ya uwezekano kuwa nadharia yako ni kweli.

Utajua umefanikiwa mtu asiyesoma biolojia akisoma sentensi yako na kukuambia ulipima nini.

## Hatua ya 2: Hesabu vizio vyako kwa ukweli

Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kizio ni kile kitu kidogo kabisa ambacho kingeweza kupewa tiba (dawa, mbolea, chakula, chochote unachojaribu) tofauti bila kujali jirani yake. Ukipulizia dawa ploti nzima, kizio ni ploti, hata kama ndani yake umepima mashina 30. Ukiweka chakula bwawani, kizio ni bwawa, hata kama umevua sato 100. Ukisoma sampuli moja ya damu mara tatu kwenye mashine, bado una mgonjwa mmoja. Umepima tu uthabiti wa mashine.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipima urefu wa mahindi 240 kutoka ploti 8, nne zenye mbolea na nne zisizo nayo. Nikaandika kwa majivuno kwamba sampuli yangu ni 240. Thamani ya p ilitoka na sifuri nyingi kama namba ya simu. Mtahini akaniuliza swali moja tu: "Ulipanda ploti ngapi?" Nikasema nane. Akafunga kitabu.

Sababu yake ni hii: mahindi ya ploti moja hushiriki udongo uleule, maji yaleyale na kivuli kilekile cha mwembe wa jirani. Ukishapima shina la kwanza, la pili halikuletei habari mpya kamili. Kompyuta haijui hilo. Ukiipa mistari 240 inaamini una mashahidi 240, kumbe una wanane, kila mmoja akirudia maneno yake mara thelathini. Kosa hili huitwa marudio bandia.

Dawa yake ni rahisi: kokotoa wastani wa kila ploti, kisha fanya jaribio kwa wastani hizo nane. Mashina 30 hayajapotea; yamefanya wastani wa kila ploti uwe wa kuaminika zaidi. Kuna mbinu ya hali ya juu, modeli mchanganyiko, inayotunza mashina yote na kuiambia kompyuta yametoka ploti ipi. Inafaa, ila jifunze hii ya wastani kwanza.

Onyo: kama una mabwawa mawili tu, moja chakula cha dukani na jingine pumba, una kizio kimoja kwa kila tiba. Hakuna jaribio la kukuokoa. Eleza ulichoona kwa namba na michoro, useme wazi kwamba tofauti yaweza kuwa ya mabwawa yenyewe. Msimamizi mwelewa atakubali.

Kwa walio bado hawajapanda: mashamba yetu ya milimani yana mteremko, na rutuba hushuka na maji. Gawa shamba katika bloku zinazofuata kontua (mistari ya mwinuko sawa), kila bloku iwe na tiba zote, kisha ndani ya kila bloku piga kura ya vikaratasi kupata ploti ipi ipewe nini. Usijipangie kwa macho. Mkono wa mtafiti hupenda kuipa dawa yake udongo mweusi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika "n = " na namba ambayo hutaionea aibu mbele ya mtahini.

## Hatua ya 3: Tambua aina ya ulichopima

Kuna aina nne zinazotosha kwa kazi nyingi.

Vipimo endelevu: kilo, sentimita, miligramu, nyuzi joto. Vinaweza kuwa na desimali.

Hesabu za vitu: viwavijeshi vamizi kwa kila shina, mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Hizi haziendi chini ya sifuri na mara nyingi sifuri ni nyingi mno.

Madaraja: ukali wa ugonjwa kwa alama 1 hadi 5. Mwanya kati ya 1 na 2 si lazima ulingane na ule wa 4 na 5, kwa hiyo kuvitafutia wastani ni kujidanganya kidogo.

Makundi: imepona au imekufa, ana vimelea au hana.

Ukikosea hapa, yote yanayofuata yamekosewa. Na usigeuze kipimo endelevu kuwa makundi ("refu" na "fupi") ili kurahisisha kazi. Unatupa habari uliyoitolea jasho.

## Hatua ya 4: Panga jedwali

Kizio kimoja, mstari mmoja. Jambo moja, safu moja. Bila rangi, bila seli zilizounganishwa, bila kuchanganya namba na maneno kwenye seli moja ("12 kg" ni maneno, "12" ni namba). Seli isiyo na data iache wazi. Usiandike sifuri, kwa sababu sifuri ni jibu. Ng'ombe wakila ploti, hiyo si ploti yenye mavuno ya sifuri.

## Hatua ya 5: Chora kwa mkono kabla ya kuhesabu

Chora mstari wa namba, weka nukta moja kwa kila kizio, kundi moja juu ya jingine. Dakika kumi tu. Utaona makundi yanavyopishana, kama mtawanyiko unalingana, na kama kuna nukta iliyotoroka peke yake.

Nukta iliyotoroka irudishe kwenye daftari. Kama uliandika 410 badala ya 41.0, sahihisha. Kama ni kweli, iache. Kufuta namba kwa sababu inaharibu matokeo ni kughushi, hata ukikuita "kusafisha data".

Kuhusu mgawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele: watu hukusanya namba zote kwenye rundo moja, wanaendesha Shapiro-Wilk, jaribio la kupima umbo hilo, linakataa, wanaingiwa na hofu. Ukichanganya aina mbili za mahindi, ndefu na fupi, lazima upate vilima viwili! Kinachotakiwa kukaribia umbo la kengele ni mabaki, yaani tofauti ya kila namba na wastani wa kundi lake. Kwa data za jozi, angalia zile tofauti za jozi. Tena, sampuli ikiwa ndogo jaribio hilo hupitisha karibu kila kitu, na ikiwa kubwa sana hukataa kasoro ndogo zisizo na madhara. Mimi huamini nukta za penseli zaidi.

## Hatua ya 6: Chagua jaribio

Sasa una swali, idadi ya vizio, aina ya data na mchoro. Jaribio karibu limejichagua.

Makundi mawili yasiyohusiana, kipimo endelevu: jaribio la t la Welch. Halidai mtawanyiko ulingane, kwa hiyo lifanye chaguo lako la kawaida. Data ikiwa ya madaraja au imepinda vibaya, tumia Mann-Whitney.

Vipimo viwili vinavyoambatana (nusu mbili za shamba moja, ng'ombe yuleyule kabla na baada ya dawa): jaribio la t la jozi. Mbadala wake ni Wilcoxon ya jozi.

Makundi matatu au zaidi: anova, inayolinganisha wastani za makundi yote kwa pamoja. Mbadala ni Kruskal-Wallis kama makundi hayahusiani, au Friedman kama kuna bloku.

Makundi kwa makundi (kivuli au jua, imeshika au imekufa): kai-skwea. Idadi tarajiwa kwenye seli yoyote ikishuka chini ya 5, tumia jaribio la Fisher.

Namba mbili kwa kila kizio: uhusiano au regresheni (mstari wa kukadiria namba moja kutokana na nyingine), tutafika huko.

Onyo ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha: majaribio yanayotumia nafasi (ya kwanza, ya pili, ya tatu) badala ya namba zenyewe yana sakafu. Mann-Whitney ya vizio 3 kwa 3, hata makundi yakitengana kabisa, haiwezi kutoa p ya pande mbili (inayohesabu tofauti ya kupanda na ya kushuka) iliyo chini ya 0.10. Wilcoxon ya jozi 5 haishuki chini ya 0.0625. Ukichagua majaribio haya kwa sampuli ndogo hivyo, na kikomo chako (p ambayo chini yake unakubali kuna tofauti) ni 0.05, umeshindwa kabla ya kuanza. Panga angalau 4 kwa 4, au jozi 6.

## Hatua ya 7: Fanya hesabu, mfano wa viazi

Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mazoezi. Chukulia wakulima sita wa pembezoni mwa Uyole. Kila shamba limegawanywa nusu mbili, shilingi ikarushwa kuamua nusu ipi ipuliziwe dawa ya kuzuia bakajani chelewa, ule ugonjwa wa Phytophthora infestans. Tumevuna ploti moja ya mita 20 za mraba kwa kila nusu, tukapima kilo.

Zilizopuliziwa: 44, 31, 52, 38, 47, 34. Wastani 41.
Zisizopuliziwa, kwa mpangilio uleule wa mashamba: 39, 28, 45, 36, 41, 27. Wastani 36.

Andika safu ya kwanza kwenye B2 hadi B7, ya pili C2 hadi C7. Kisha:

=T.TEST(B2:B7,C2:C7,2,3)

Namba 2 inamaanisha pande mbili. 3 inamaanisha makundi yasiyohusiana, kwa njia ya Welch. Baadhi ya kompyuta hudai nukta-mkato badala ya koma. Utapata p ya takriban 0.28. Mwanafunzi wa kawaida hapa huandika "dawa haina athari" na kwenda kulala.

Sasa badilisha 3 iwe 1, yaani jozi:

=T.TEST(B2:B7,C2:C7,2,1)

Unapata takriban 0.002. Namba zilezile!

Hakuna uchawi. Mashamba yenyewe yanatofautiana sana: moja linatoa kilo 31, jingine 52. Jaribio la kwanza lilizamisha athari ya dawa ndani ya tofauti hizo za udongo. La pili linatazama tofauti ndani ya kila shamba: 5, 3, 7, 2, 6, 7. Wastani wake 5, mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 2.1, kosa sanifu (mchepuko huo gawanya kwa kipeo cha pili cha 6) 0.86, na t ni 5 gawanya kwa 0.86, yaani 5.8 kwa digrii za uhuru 5 (jozi 6 toa 1). Kila shamba limejilinganisha na lenyewe.

Lakini huchagui jozi kwa sababu p yake ni tamu. Unachagua kwa sababu ndivyo ulivyogawa shamba. Kama mashamba sita ya dawa yangekuwa Tukuyu na sita yasiyo na dawa yangekuwa Igurusi, kuyapanga jozi kungekuwa uongo. Na tofauti yenyewe ingekuwa ya Tukuyu na Igurusi, wala si ya dawa.

## Hatua ya 8: Mfano wa makundi, miche ya parachichi

Namba za mazoezi tena. Miche 60 ya kubebesha imewekwa chini ya kivuli, 60 juani, ikiwa imechanganywa kwenye vitanda vingi vidogo. Kivulini imeshika 48 na kufa 12. Juani imeshika 36 na kufa 24.

Jumla iliyoshika ni 84 kati ya 120. Kama kivuli hakina maana, kila upande ungetarajiwa kushika 42 na kufa 18. Kwa kila seli: toa tarajiwa, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa tarajiwa, kisha jumlisha zote nne. Utapata 5.71, digrii ya uhuru 1, p takriban 0.017. Excel hufanya hivyo kwa CHISQ.TEST, ukiipa jedwali la ulichoona na la ulichotarajia.

Ukitumia R kwa jedwali hilohilo utaona 4.80 na p ya 0.028. Usipige simu usiku. R huweka masahihisho ya Yates, yanayopunguza kai-skwea kidogo, yenyewe kwenye jedwali la mbili kwa mbili. Taja tu umetumia ipi.

Onyo kubwa: usiingize asilimia. Ukiandika 80 na 20, 60 na 40, kai-skwea inaruka hadi 9.52, kana kwamba ulikuwa na miche 200. Ile miche 80 ya ziada umeizaa kwenye karatasi.

Na kama kivuli kilikuwa banda moja tu, rudi Hatua ya 2. Najua inaudhi.

## Hatua ya 9: Makundi matatu na zaidi

Unalinganisha maharage aina nne: Uyole 96, Njano Uyole, Uyole 03 na mbegu ya kienyeji. Kishawishi ni kufanya majaribio ya t sita, kila jozi na lake. Ukifanya sita kwa kikomo cha 0.05, uwezekano wa kuona angalau tofauti moja ya uongo unaweza kupanda hadi karibu asilimia 26.

Fanya anova moja, ukiingiza bloku kama kigezo cha pili. Ikionyesha kuna tofauti mahali fulani, fuata na jaribio la Tukey, linalolinganisha kila jozi, ili ujue ni ipi na ipi. Kwenye jamovi yote yamo kwenye menyu moja.

Kwa hesabu za viwavi, ukiona mtawanyiko unazidi sana wastani, acha anova ya kawaida. Modeli ya Poasoni, ile ya kawaida kwa hesabu za vitu, mara nyingi nayo haitoshi kwa wadudu wanaokaa makundi makundi. Uliza kuhusu modeli ya binomia hasi, inayoruhusu mtawanyiko mkubwa zaidi.

## Hatua ya 10: Uhusiano wa namba mbili

Umepima misonobari Sao Hill, kipenyo kwenye mita 1.3 na urefu wa mti. Chora kwanza. Nukta zikifuata mstari, tumia kipimo cha uhusiano cha Pearson. Zikipanda bila kuwa mstari, kile cha Spearman. Ukitaka kukadiria urefu kutokana na kipenyo, fanya regresheni, na usikadirie nje ya vipenyo ulivyopima. Miti haiendelei kurefuka kwa kasi ileile milele.

Uhusiano hausemi nani kasababisha. Ukipanda kutoka Kyela hadi Kitulo, mwinuko, joto, mvua na mazao hubadilika pamoja. Kipimo kimoja kikifuatana na ugonjwa, vingine vyote vimejificha nyuma yake.

## Hatua ya 11: Andika matokeo

Anza na ukubwa wa athari, kwa vipimo vya kawaida, pamoja na masafa ya uhakika (tofauti ndogo na kubwa zinazoendana na data zako), kisha jaribio. Mfano:

"Ploti zilizopuliziwa zilitoa kilo 5.0 zaidi kwa wastani kwa kila mita 20 za mraba (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 2.8 hadi 7.2; jaribio la t la jozi, t = 5.84, digrii za uhuru 5, p = 0.002, mashamba 6)."

Mkulima anaweza kuchukua kilo hizo, akazidisha kwa bei, akatoa gharama ya dawa. Ile p peke yake haimnunulii hata sabuni.

Ukipata p kubwa, usiandike "hakuna tofauti". Andika kwamba hukuweza kuiona kwa sampuli uliyokuwa nayo, na uweke masafa ya uhakika ili msomaji aone tofauti kubwa kiasi gani bado inawezekana. Usibadilishe majaribio mpaka moja likubali. Jaribio uliloliandika kabla ya kuvuna ndilo la kuripoti.

Na kompyuta ikikuonyesha p = 0.000, andika p < 0.001. Imekata desimali tu.